Taasisi ya kujitolea mtandaoni ikianza kulipa mishahara, wale wa mwanzo huwa wanaenda wapi?

Mchapa Mbegu (mleta uzi), Ijumaa saa 3:05 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Kuna jambo linanikaba, nimeona nilimwage hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nipo kwenye kikundi kinachotengeneza maudhui huru ya Kiswahili mtandaoni. Jina sitaji, msiniulize. Tulianza 2016 tukiwa watu sita kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu na bando lake. Bosi hakuna. Mtu akikosea mwaka wa Vita vya Majimaji unamwambia palepale, mnabishana mpaka saa saba usiku, kesho yake mnaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Baadaye tukapata ruzuku. Sasa tuna ofisi ya vyumba viwili, mashine ya kahawa isiyofanya kazi, na waajiriwa wanne. Mimi ni mmoja wa hao wanne, mratibu. Mshahara si wa kutisha, ila kodi ya nyumba inalipika.

Kabla ya ruzuku tulikuwa na watu kama arobaini wanaochangia kila mwezi. Mwezi uliopita nimehesabu: tisa. Na katika hao tisa, wawili ni sisi wenyewe waajiriwa tukiingia usiku kwa majina yetu ya zamani.

Ili nisionekane nalia peke yangu, nimekaa wiki mbili nasoma historia ya kaka mkubwa wa vikundi vyote vya aina hii, Wikipedia. Nikakuta yanayotusumbua wao yamewapata kwa herufi kubwa.

Wengi wanadhani Wikipedia ilianza na watu wa bure watupu. Sivyo. Ilipofunguliwa tarehe 15 Januari 2001 alikuwepo mtu wa mshahara, Larry Sanger, akilipwa na kampuni ya Jimmy Wales iliyoitwa Bomis. Mapema 2002 hela ikakata, Sanger akaondoka. Kazi haikusimama hata siku moja. Kilichotikisa nyumba mwezi ule wa Februari 2002 kilikuwa kingine: wachangiaji wa Kihispania walisikia kwamba huenda matangazo ya biashara yakawekwa, wakabeba makala zao wakahamia kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Sevilla na kuanzisha kamusi elezo yao, Enciclopedia Libre. Tangazo lenyewe halikuwahi kuwekwa, wakuu! Ninavyosoma mimi, kilichowaudhi zaidi ni kwamba jambo zito vile lilitajwa kana kwamba limeshazungumzwa mahali ambapo wao hawakuwepo.

Shirika lenyewe, Wikimedia Foundation, lilisajiliwa Florida tarehe 20 Juni 2003. Mwaka wake wa kwanza wa hesabu liliingiza dola 80,000 hivi, likatumia kama 23,000. Mwaka wa hesabu 2022/2023 liliingiza zaidi ya dola milioni 180. Waajiriwa wametoka sifuri mpaka karibu 700 ilipofika 2022. Lakini mwandishi wa makala hadi leo halipwi na shirika hata senti. Wanaolipwa ni mainjinia, wanasheria, wachangishaji, watu wa kuhudumia jumuiya. Anayekesha kurekebisha makala ya mto Rufiji hapati kitu, na wengi wao ukiwapa wanakasirika.

Sasa swali. Wao fedha imekua mara elfu mbili na watu bado wapo, japo kwa ugomvi. Sisi fedha imekua kidogo tu na watu wamepukutika. Nimekosea wapi? Nawasikiliza.

Kisiki Mkavu, saa 3:11 usiku

Nimekaa paleee. Hiyo mashine ya kahawa mliinunua kwa ruzuku?

Mchapa Mbegu, saa 3:12 usiku

Ilikuja na fanicha mkuu. Usinichokoze mapema.

Mtu wa Hesabu, saa 3:20 usiku

Mleta uzi unazunguka mbuyu. Mkono mtupu haulambwi. Watu arobaini walikuwa sawa kwa sababu wote walikuwa hawana. Siku wanne walipoanza kula, thelathini na sita wakaanza kuhesabu matonge. Hiyo ndiyo hesabu yote. Lipeni wote au msilipe yeyote, uzi ufungwe.

Fundi Ramani, saa 3:48 usiku

Mtu wa Hesabu, hiyo ya kulipa wote nimeiona kwa macho yangu, ngoja nikuhadithie.

Mimi niliingia kwenye ramani huru baada ya Ramani Huria ya Dar mwaka 2015, ile ya wanafunzi wa Ardhi na Mlimani kuingia kata zinazofurika, kuchora mifereji, vichochoro na njia za maji, vyote vikaingia OpenStreetMap, ile ramani huru ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora. Ile kazi ilituamsha wengi. Baadaye nikajiunga na mradi mmoja mdogo, jina baki nalo tumboni, uliokuwa unalipa kwa idadi ya majengo uliyochora kwenye picha za satelaiti. Siku ya kwanza safi. Siku ya tatu watu wanachora mabanda ya kuku. Wiki ya pili kuna kijana kachora msitu mzima nyumba nyumba, ukizisogelea ni vivuli vya mikorosho. Mradi ukaisha, aliyerudi kusafisha takataka ni dada mmoja tu ambaye tangu mwanzo hakuwa anachukua hela. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akanijibu, "Huko ni kwetu, bibi yangu amezikwa pale."

Na si ramani tu. Mwaka 2009 Google waliandaa mashindano ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwemo kompyuta za mkononi. Makala zilimiminika kama mvua ya masika. Mashindano yakafungwa mwanzoni mwa 2010, waandishi wengi wakafunga na akaunti zao. Waliobaki kunyoosha sarufi na kuunganisha makala mbili za kitu kimoja ni walewale wachache waliokuwepo kabla ya zawadi. Sisemi mashindano ni mabaya, wapo waliokuja kwa kompyuta wakabaki kwa mapenzi. Nasema zawadi inaleta mtu mpaka mlangoni. Kukaa ndani kunataka kitu kingine.

Halafu kuna njia ya pili kabisa. OpenStreetMap imeanza 2004, taasisi yake iko Uingereza, na mtu wa kwanza wa mshahara wa kutunza seva wamemwajiri 2022. Miaka 18! Muda wote huo wachache walikuwa wanaamka usiku kuwasha mashine zilizozima, bure. Wanajivunia kubaki wadogo. Ila nao wana kilio: wale wachache walichoka, na kampuni kubwa zinaitumia ramani kuliko zinavyoitunza. Kwa hiyo kubaki bila waajiriwa nako si pepo.

Mtu wa Hesabu, saa 3:55 usiku

Mabanda ya kuku 😂😂 Haya, hoja ya kulipa wote naiondoa. Ile ya msilipe yeyote bado nimeishikilia.

Babu wa Kreuzberg, saa 4:30 usiku

Naandika kutoka Berlin, kwa hiyo msinishangae nikichangia huku kwetu jua bado halijazama. Nimehariri Wikipedia ya Kijerumani kwa miaka mingi, Kiswahili nahariri Jumapili nikikumbuka nyumbani Tanga. Mleta uzi anauliza watu wanaenda wapi. Mimi nitamwambia siku niliyokaribia kwenda.

Agosti 2014. Shirika la Wikimedia, kule San Francisco, lilikuwa limetengeneza chombo kipya cha kuonyesha picha, Media Viewer. Ukibofya picha inafunguka kubwa juu ya giza. Sisi tukapiga kura, wengi wakasema kisiwashwe kwa kila mtu mpaka dosari zirekebishwe, maana kilikuwa kinaficha jina la mpiga picha na leseni, na kwa mtu anayetoa picha zake bure jina ndilo malipo yake. Shirika likakiacha kimewashwa. Mkabidhi mmoja wa kwetu akaandika msimbo wa kukizima. (Kwa wageni: mkabidhi ni mchangiaji aliyepewa na wenzake funguo za kufuta, kulinda kurasa na kuzuia waharibifu. Hana mshahara.) Tarehe 10 Agosti shirika likarudisha msimbo wao, kisha likafanya jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: likaunda ngazi mpya ya ulinzi, *superprotect*, ikaufunga ule ukurasa ili hata wakabidhi wasiuguse. Waajiriwa peke yao.

Hebu fikirieni. Umepanga na wenzako nyumba miaka kumi, mmepaka rangi wenyewe, mmeziba paa wenyewe. Asubuhi moja unakuta mlango wa jikoni una kufuli jipya, ufunguo uko Marekani.

Watu karibu elfu moja walitia saini barua ya kupinga. Ninaowafahamu mimi, kuna walioacha siku ileile, na walikuwa watu wa makala ndefu, makanisa ya vijijini, reli za zamani, vitu ambavyo hakuna mwingine anavijua. Kufuli likaondolewa Novemba 2015, mwaka na zaidi baadaye. Waliokwenda hawakurudi.

Kejeli yake ni kwamba kile chombo cha picha, mpaka leo kipo, nakitumia kila siku, na ni kizuri. Kwa hiyo shirika halikukosea kwenye chombo. Lilikosea kwenye kufuli.

Kisiki Mkavu, saa 4:33 usiku

Babu umeandika madini. Ila "jua bado halijazama" saa nne usiku ya Bongo, hiyo Ulaya yenu ina mambo.

Mama Tunu, saa 4:51 usiku

Mimi hayo ya kompyuta siyajui sana, mwanangu ndiye kaniwekea hili jukwaa. Lakini nilivyosoma hii habari nimekumbuka misiba ya siku hizi.

Zamani mtu akifiwa mtaani kwetu, sisi wanawake tunafika na masufuria, mmoja anachambua mchele, mwingine kwenye kuni, mwingine anakuna nazi. Tunapika siku tatu. Tunachoka, tunagombana kuhusu chumvi, tunacheka huku tunalia. Sasa watoto wana uwezo, wanaleta watu wa kupika wenye aproni. Chakula kinakuja kwenye mabeseni ya chuma yenye moto chini, kitamu tu, hakuna neno. Lakini sisi tumekaa mkekani mikono mapajani. Ukinyanyuka usaidie hata kuosha sahani, kijana wa aproni anakwambia, "Mama kaa, tunafanya sisi." Anakwambia kwa heshima kabisa! Siku ya pili unaona uvivu hata wa kwenda. Utakwenda kufanya nini?

Wale wapishi hawana kosa. Wala wenye msiba hawana kosa, walitaka tupumzike. Basi sijui, labda na huko kwenye mitandao watu wameambiwa kaa, tunafanya sisi.

Mtu wa Hesabu, saa 4:58 usiku

Mama Tunu shikamoo. Nimesoma hii mara mbili.

Mama Tunu, saa 5:02 usiku

Marahaba mwanangu.

Wanjiku wa Mtandao, saa 5:40 usiku

Naona mnaimba sifa za watu wa kujitolea kama malaika. Mimi niko Nairobi, nimefanya kazi upande wa pili, ule wa wenye mshahara, kwa shirika lingine kabisa la mtandaoni, na nitawaambia bila kuficha: mzee wa jumuiya mwenye miaka kumi na tano ya kuchangia anaweza kuwa simba wa kula watu. Tulikuwa na mmoja. Kila msichana mpya akiandika kitu, anafuta ndani ya dakika tano, halafu anamwandikia maneno ya kumvunja. Ukimgusa, anaita wenzake: "Ninyi mnalipwa, sisi tumejenga!" Wasichana saba waliondoka kimya. Hao hakuna aliyewatilia saini barua.

Kwa hiyo kesi ya 2019 ya Wikipedia ya Kiingereza mimi niliisoma nikiwa na maumivu ya pande mbili. Tarehe 10 Juni mwaka ule kitengo cha usalama cha shirika kilimfungia mkabidhi mmoja mzoefu mwaka mzima, kwa malalamiko ya jinsi alivyowatendea watu. Ushahidi haukutolewa hadharani ili kuwalinda walalamikaji. Na kweli, utamwekaje hadharani mtu anayemwogopa aliyemshtaki? Lakini jumuiya ikawaka. Zaidi ya wakabidhi 20 walijiuzulu. Mwisho kesi ikarudishwa kwa baraza la usuluhishi, ambalo ni watu wa kujitolea waliochaguliwa, na Septemba wakaiondoa ile adhabu, ingawa ukabidhi wake hawakumrudishia vivi hivi.

Mimi nasema jumuiya ilikuwa na haki ya kuuliza "nani amewapa mamlaka?" Ila ilipaswa kujiuliza pia kwa nini walalamikaji walikimbilia kwa waajiriwa badala ya kuja kwa wenzao. Miaka yote hiyo mlango wa jumuiya ulikuwa wazi, na hawakuupitia. Ndiyo maana bodi ya shirika ilipopitisha kanuni za maadili kwa miradi yote mwaka 2021, kuna watu walinung'unika, mimi nilishukuru.

Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa watu wa Wikimedia, ilipokuja hapa kwetu Agosti 2025, mara ya kwanza Afrika Mashariki, kitu kilichonifurahisha ni korido. Kwenye korido huwezi kujua nani analipwa mpaka usome kitambulisho shingoni. Watu wanabishana, wanakula mahamri, wanabishana tena. Ukumbini ndiko kila mtu anarudi upande wake.

Mchapa Mbegu, saa 6:10 usiku

Nimesoma zote. Wanjiku, asante kwa kunikumbusha kwamba hata kwetu kulikuwa na simba mmoja, na kwa kweli kuondoka kwake hakukuniuma.

Suala la kitambulisho limenigusa. Waajiriwa wa Wikimedia wana utaratibu wa akaunti mbili: ya kazi, ambayo inabeba alama ya WMF (kifupi cha Wikimedia Foundation), na ya kwake binafsi ya usiku kama mhariri wa kawaida. Wengi wao walitoka kwenye kujitolea. Mtu mmoja, kofia mbili. Nilipoajiriwa nami nikafanya hivyo, nikaona nimefuata ustaarabu. Sasa nikisoma niliyoandika kwa kofia ya kazi, simtambui huyo jamaa. "Tafadhali rejea mwongozo." "Suala lako limepokelewa." Mimi huyu? Niliyekuwa nabishana mpaka saa saba?

Na kuna jambo sikuwaambia mwanzoni, kwa aibu. Tulikuwa na dada mmoja, muuguzi, zamu za usiku. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyekuwa anabadilisha ukurasa wetu wa mbele kila siku saa tisa alfajiri, wodi ikitulia. Makala ya siku, picha ya siku, "siku kama ya leo". Hakukosa hata kipindi cha korona. Mwaka jana mfadhili akataka ukurasa wa mbele uwe na mwonekano mmoja, tukaupanga upya kwenye kikao cha Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi yeye amelala. Muhtasari wa kikao uliwekwa kwenye folda ya ofisi. Fundi wetu akabadilisha ruhusa za ukurasa usiku ule, na dada yule akaingia saa tisa kama kawaida yake akakuta hawezi kuhariri.

Hakulalamika. Hakuandika chochote. Sikugundua kwamba ameondoka mpaka wiki tatu zilipopita, maana ukurasa ulikuwa unajibadilisha wenyewe.

Kisiki Mkavu, saa 6:14 usiku

Dah.

Babu wa Kreuzberg, saa 6:37 usiku

Mleta uzi, hilo la kikao cha Jumanne ndilo lenyewe. Kufuli linakuja mwisho. Kwanza mazungumzo yanahama sebuleni yanaingia chumbani.

Na usidhani waajiriwa wananufaika na chumba hicho. 2015 na 2016 yalimkuta mwajiriwa yaleyale. Shirika lilikuwa linapanga mradi wa kutafuta maarifa mtandaoni, limepata ruzuku ya dola 250,000 kutoka Knight Foundation, na maelezo yake hayakuwekwa wazi. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wanaokoteza habari vipande vipande. Desemba 28, 2015 bodi ikamwondoa mjumbe wake James Heilman, daktari wa Kanada aliyechaguliwa na kura za jumuiya mwaka uleule. Yeye alisema ugomvi ulihusu uwazi, bodi ikasema ni suala la kuaminiana. Februari barua ya ruzuku ikatoka hadharani, watu wakakuta mambo yaliyokuwa yamekanushwa. Waajiriwa wengi wazuri waliondoka miezi ile, na mkurugenzi mtendaji Lila Tretikov akajiuzulu mwezi huohuo. Heilman 2017 jumuiya ikampigia kura tena akarudi kwenye kiti.

Katika sakata lile waajiriwa na watu wa kujitolea walikuwa upande mmoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Walikuta wote wako nje ya chumba.

Mtu wa Hesabu, saa 6:50 usiku

Swali la kizushi: si wapige kura tu? Weka kila kitu kwenye kura, mwenye wengi ashinde.

Fundi Ramani, saa 7:05 usiku

Wikimedia walijaribu. Walikaa miaka wakiandika hati ya kugawana mamlaka kati ya shirika, matawi na wachangiaji, waliiita *Movement Charter*. Ilipigiwa kura katikati ya 2024. Wachangiaji wengi waliopiga kura wakasema ndiyo, matawi yakasema ndiyo, bodi ikasema hapana. Hati ikafia hapo.

Sitaki kuwaonea. Bodi ilitoa sababu zake, na nusu ya viti vyake ni vya watu waliopendekezwa na jumuiya yenyewe. Lakini ukimwalika mtu apike miaka mitatu halafu ukamwaga sufuria, usishangae siku nyingine akisema hana nafasi.

Kura inayofanya kazi ninayoijua ni ndogo ndogo. Novemba 2022 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliyakataa maneno ya mabango ya kuchangisha, yale yanayomfanya msomaji adhani Wikipedia inafungwa kesho. Shirika likakubali, likaandika mabango upya pamoja nao kwenye ukurasa wa wazi, likijua kabisa kwamba makusanyo yatapungua. Na yalipungua. Mpaka leo wanayaandika pamoja. Hapo sikusikia mtu amejiuzulu.

Wanjiku wa Mtandao, saa 7:12 usiku

Hiyo ya mabango nakubali. Mchapa Mbegu, vikao vyenu mnaweza kuviweka saa tatu usiku?

Mchapa Mbegu, saa 7:15 usiku

Tunaweza. Fundi atanuna, ana mtoto mchanga. Lakini hata tukibaki Jumanne, ajenda inaweza kukaa kwenye ukurasa wa wazi wiki nzima kabla, na hakuna kinachoamuliwa kikaoni ambacho hakijakaa pale. Bajeti pia. Hili la bajeti litaniletea maneno ofisini.

Mtu wa Hesabu, saa 7:20 usiku

Weka na mshahara wako hapo.

Mchapa Mbegu, saa 7:21 usiku

Nitaweka.

Kisiki Mkavu, saa 7:22 usiku

Na ya mashine ya kahawa.

Mgeni Njoo (amejiunga leo), saa 9:04 alfajiri

Habari za alfajiri. Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu, nimetumiwa kiungo na mtu.

Kaka Mchapa Mbegu, nimekutambua kwa ile ya Majimaji. Aliyekosea mwaka nilikuwa mimi, niliandika 1906 badala ya 1905, na ulinisumbua usiku kucha.

Umeeleza vizuri, ila umekosea sehemu moja. Sikuondoka kwa sababu ya ukurasa wa mbele. Ule usiku nilipokuta siwezi kuhariri nilidhani ni hitilafu. Nikakuandikia. Wewe, kwenye namba yako ileile. Asubuhi ukanijibu: "Ndugu mdau, asante kwa kuwasiliana nasi."

Nilisoma nikiwa kwenye daladala natoka kazini. Miaka sita unaniandikia "we dada umelala?", siku hiyo nimekuwa ndugu mdau. Nikajua ofisi imefunguliwa na mimi nipo upande wa dirishani.

Mshahara wako haukuwahi kuniuma. Nilifurahi ulipoajiriwa, niliwaambia hata wenzangu wodini. Mimi nina mshahara wangu. Kile nilikuwa nafanya kwa sababu saa tisa ya alfajiri wodini ni ndefu sana, na nilikuwa najua kuna mtu mwingine mahali fulani yuko macho.

Tarehe za "siku kama ya leo" mnazoweka sasa zina makosa, kwa taarifa yenu. Ya juzi ilikuwa ya mwaka jana imejirudia.

Mchapa Mbegu, saa 9:10 alfajiri

Dada. Nakuja PM sasa hivi.

Mgeni Njoo, saa 9:11 alfajiri

Usije PM. Andika hapahapa.